Goti la Kushoto

Chukudu haina pedali. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao, penye kipande cha ndala kuukuu, na mguu wa pili husukuma ardhi. Ndivyo nilivyoshusha viazi kutoka Kibabi kwenda Sake kabla ya kuja chuoni. Siku moja ya mvua gurudumu la mbele lilizama shimoni, gunia likaniangukia. Goti likavimba hadi suruali haikupita.

Muuguzi alisema nipumzike, mguu juu ya mto. Wiki ya tatu uvimbe ulipungua, nikarudi barabarani. Jioni goti lilikuwa limejaa tena. Nilirudia kosa hilo mara tatu, kwani viazi vinaoza. Kubadili miguu hakukusaidia: goti bovu likikaa ubaoni linabonyezwa, likisukuma linajikunja. Mwishowe mdogo wangu alichukua chukudu, nami nikahesabu magunia miezi minne. Aibu iliniuma kuliko goti.

Goma, mwendesha chukudu ana sanamu ya rangi ya dhahabu. Darasani tulipojadili “kupiga magoti”, wenzangu walitaja sala na msamaha. Mimi niliandika: kubeba viazi. Mwalimu aliweka alama ya kuuliza.