Kugawa Diski Kabla ya Kuhamia

Mwaka huu sina habari za harusi wala safari. Nitakuelezeni habari ya kompyuta, na nawaomba wazee wasiuruke ukurasa huu, kwani unawahusu wao khasa.

Kompyuta yangu niliinunua mwaka 2014. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza huduma yao ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haiikubali mashine yangu kwa kuwa haina chombo cha usalama kinachotakiwa, kiitwacho TPM 2.0. Nikaazimia kutia Linux Mint, ambayo hutolewa bure.

Lakini ndani ya mashine ile imo sauti ya marehemu mama. Mwaka 2009 alikaa nami siku tatu akinihesabia ukoo wetu: nani kamzaa nani, nani alibaki Unguja, nani alivuka bahari. Ni saa sita za maneno, na aliyekuwa akiyajua yote hayo ni yeye peke yake. Nami nilikwisha kuumwa na nyoka. Mwaka 2016 fundi mmoja alinitilia mfumo mpya akafuta diski nzima, zikapotea picha za harusi ya binti yangu. Hakuniuliza, wala mimi sikumwambia.

Mpwa wangu aliyeko Portsmouth akanielekeza kwa simu. "Mjomba, kabla hujagawa chochote, toa nakala. Na nakala usiyoifungua usiihesabu." Nikanakili kwenye diski ya nje, nikafungua faili moja moja. Kazi ya saa moja ikala jioni nzima, maana kila nikifungua nilikaa kumsikiliza mama.

Ndipo tukagawa. Diski ni ya GB 500, ingawa Windows huionyesha kuwa 465 kwa hesabu yake. Ndani ya Windows yenyewe tulilipunguza fungu lake likabaki 265 hivi, na 200 zikawa kiwanja kitupu. Kisha nikawasha mashine kwa flashi yenye Mint. Ikaniuliza: nifute diski yote, nikae kando ya Windows, au utagawa mwenyewe? Maneno hayo yamepangwa mstari chini ya mstari, na kidole kikiteleza umekwisha. Nikachagua kugawa mwenyewe: 40 za mfumo, 160 za vitu vyetu.

Faida yake ni hii. Siku mfumo ukiharibika au ukitaka mwingine, unasafisha fungu la mfumo tu. Fungu la vitu vyako huligusi. Ni kama kupaka chokaa ukumbini bila ya kutoa sanduku la mama chumbani.

Hata hivyo msidanganyike. Mafungu yote yamo katika diski moja, na diski ikifa yanakufa pamoja. Kwa hivyo nakala moja ya sauti ya mama nimempelekea mpwa wangu, na nyingine iko kwa dada Unguja.

Wazee wenye kaseti za zamani makabatini, waiteni vijana wenu wazinakili. Nanyi vijana, kabla hamjabonyeza, ulizeni kwanza: humu ndani mna nini?