Sakafu ya Nyumbani: Linoleamu au Lamineti?



Ndugu zetu katika imani, safari hii tumeona tuandike juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni sakafu. Limetusumbua nyumbani kwetu hapa Gisenyi kwa muda mrefu, na tumejifunza mambo ambayo huenda yakamfaa ndugu mwingine kabla hajatoa pesa zake.

Wengi mnakumbuka Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka. Lava ilielekea upande wa Goma, lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalitufikia sisi wa Rubavu, na nyumba nyingi zilipata nyufa. Yetu ilibaki imesimama, Alhamdulillah, ila sakafu ya saruji sebuleni ilipasuka kutoka mlangoni hadi karibu na dirisha. Tuliziba ule ufa, tukatandika mkeka juu yake, maisha yakaendelea.

Mambo yalibadilika Mama alipohamia kwetu. Umri wake umepita miaka sabini, magoti yanamuuma, na baridi ya saruji alfajiri, hapa kando ya ziwa Kivu, si mchezo. Tulikuwa tukimsikia akiguna kila anapokwenda sijida. Ndipo tukasema, sakafu hii lazima ifunikwe.

Tukiri ukweli: macho yetu yalikuwa kwenye lamineti. Tuliiona kwa jamaa mmoja Kigali, inang'aa kama mbao za kifahari. Binti yetu alikuwa anakaribia kuposwa, na tulishajiona tumeketi na wageni juu yake. Tukaenda dukani, bei ikatushinda. Muuzaji akatuambia tutoe nusu, iliyobaki tulipe kidogo kidogo pamoja na nyongeza kila mwezi. Nyongeza ya namna hiyo sote tunajua jina lake ni riba. Tukashukuru, tukatoka. Usiku tukaulizana: hivi sakafu hii tunamwekea nani, Mama au wageni?

Baada ya hapo tulimwita fundi tunayemwamini, atueleze vitu hivi ni nini hasa.

Lamineti si ubao mzima. Ni nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, juu yake karatasi yenye picha ya mbao, na juu kabisa tabaka gumu la kuilinda. Ilianzia Uswidi, kwa kampuni ya Perstorp, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ina sifa zake: haikwaruziki upesi, na vipande vyake hushikana bila misumari. Adui yake ni maji. Yakipenya kwenye maungio, ubao hufura, na ukishafura haurudi. Siku hizi zipo aina zinazostahimili maji kwa saa kadhaa, lakini bei yake ni ya juu zaidi.

Linoleamu ni ya zamani. Mwingereza Frederick Walton aliisajili mwaka 1863. Ile ya asili hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, unga wa koki na wa mbao, juu ya kitambaa cha juti. Ila zulia linalouzwa madukani kwetu kwa jina hilo mara nyingi ni plastiki ya PVC. Si vibaya, lakini mtu ajue ananunua nini. Faida yake ni kwamba huja kwa mviringo mpana, na chumba kidogo unaweza kukifunika kwa kipande kimoja bila maungio.

Hapo ndipo tulipokumbuka mas-ala ya tohara. Sote tunaijua habari ya bedui aliyekojoa msikitini. Maswahaba walitaka kumkabili, Mtume wetu (S.A.W.) akawazuia, kisha akaamrisha imiminwe ndoo ya maji mahali pale. Sasa, nyumba ya Mwislamu ina watoto wachanga, na ina watu wanaotoka kuchukua udhu mara tano kwa siku, miguu ikidondosha maji. Mama naye hutembea polepole, na kila anapopita huacha vidimbwi vidogo. Sakafu ambayo utaogopa kuimiminia maji mtoto anapokojoa, utaisafishaje kwa utulivu wa moyo? Wapo wanavyuoni waliotaja kupangusa kwa vitu vilaini visivyonyonya, na mwenye shaka amuulize shekhe wa msikiti wake. Sisi tulitaka sakafu isiyotutia wasiwasi.

Jamaa yetu wa Nyundo alitutolea mfano wake. Katika mafuriko ya mwanzoni mwa Mei 2023, yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini, mto Sebeya uliingia hadi chumbani kwake. Tunamshukuru Allah alitoka salama na watoto wake. Maji yalipoondoka, lamineti yake yote ilikuwa imeinuka kama mgongo wa kobe. Hakuokoa hata kipande.

Basi tukasema, tununue zulia la plastiki. Fundi akatuzuia tena. Alikata kipande cha nailoni, akakibandika kwa gundi ya karatasi pande zote juu ya saruji, karibu na ule ufa, akasema tusikiguse hadi kesho. Kesho yake chini ya nailoni palikuwa na matone. Unyevu ulikuwa unapanda kutoka ardhini. Akasema, "Hapa mkiweka lamineti itafura, na mkiweka plastiki itaota ukungu chini yake. Tibuni nyumba kwanza."

Tulichimba mfereji nje ili maji ya paa yasikae ukutani. Ufa tukaufungua na kuuziba upya, tukasubiri kiangazi cha Juni hadi Agosti. Tulipopima tena, nailoni ilikuwa kavu. Ndipo tukatandika zulia, lenye uso wa kukwaruza kidogo ili Mama asiteleze. Tulilipa taslimu.

Hatutaki kuwadanganya. Lilinuka siku kadhaa, ikabidi tufungue madirisha. Miguu ya meza imeshaacha alama. Uzuri wa ile sakafu ya Kigali halina. Tena plastiki peke yake haizuii baridi sana, kwa hiyo pesa iliyosalia tulimnunulia Mama godoro jembamba la sponji la kuweka chini ya mswala wake. Pengine hilo ndilo tungelianza nalo.

Wageni wa posa walikuja, wakala, wakaomba dua. Kama waliitazama sakafu, hatukuona.

Kwa ufupi, ndugu zetu:

1. Pima unyevu kabla ya kununua chochote.
2. Mahali pa maji na watoto, chagua kisichoogopa maji. Lamineti iwekwe chumba kikavu, na mwenye uwezo wa kuilipa bila riba.
3. Mwenye sakafu ya udongo asikate tamaa. Hapa Rwanda shirika la EarthEnable hushindilia udongo na kuupaka mafuta ya mimea yanayokauka yakawa magumu. Ni njia inayokaribiana na ile ya mafuta ya kitani, na ni nafuu kuliko saruji.
4. Kabla ya kuuliza bei, jiulize ni nani atakayesujudu hapo.

Allah atujaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, na awape afya wazee wetu waliomo ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.