Kimya cha Samehe

Kilwa Kivinje, mji niliozaliwa, mwanamke hucheza ngoma mbele ya wanawake wenziwe pasipo lawama. Lakini kupanda jukwaani mbele ya wanaume, akajifanya mke wa asiye mumewe, wazee wetu walikuhesabu kuwa ni fedheha. Nalijua jambo hili kwa uchungu. Nilipokuwa na umri wa miaka 16 tuliteuliwa shuleni kuigiza Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein wa mwaka 1969 juu ya Vita vya Majimaji, vilivyozuka mwaka 1905 katika nchi ya nyuma ya pwani yetu. Nilipewa nafasi ya Bibi Kitunda. Mjomba wangu alipopata habari alikuja akaniondoa, na nyumbani halikutajwa tena. Mimi nami sikulitaja.

Miaka ilipita, nikaiona filamu ya Maangamizi, iliyotoka mwaka 2001, kazi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Humo Amandina Lihamba ni Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye ameacha kusema. Mwigizaji dhaifu akinyimwa maneno hutapatapa kwa mikono. Lihamba alitulia, na uso wake ukabeba yote ambayo ulimi ulikataa. Nililia, wala si kwa ajili ya Samehe peke yake.

Na bibi huyu hakupungukiwa maneno! Alizaliwa mwaka 1944, mkoani Morogoro. Alipata udaktari huko Leeds mwaka 1985 kwa utafiti juu ya siasa na maigizo katika Tanzania. Aliiandika Hawala ya Fedha kutokana na hadithi ya Sembène Ousmane. Akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ufaransa ingempa mwigizaji wa kimo chake filamu makumi kwa makumi. Sisi tulimpa chache. Maangamizi ilikuwa filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kushindania Oscar. Haikupata tuzo, na sioni kuwa imepunguka kwa hilo.

Mwaka jana nilikwenda Kivinje kumwamkia mjomba, ambaye sasa ni mzee wa kitandani. Nilimwonyesha filamu ile katika kompyuta yangu. Alitazama hadi mwisho.

“Mama yule ana wazimu kweli?” aliuliza.

“La, mjomba. Ni profesa.”

Alinyamaza kitambo kirefu.

“Na wewe, mwanangu, siku ile ulikuwa uwe nani?”

“Bibi Kitunda.”

“Haya,” alisema, akijivuta kukaa vema juu ya mto. “Nionyeshe.”