Kabla ya Kuingia Madison

Bozeman, Montana



Mwezi Mei theluji ya milima ya Rocky huyeyuka, mito ya huku ikafura na kujaa matope. Mvuvi hana la kufanya isipokuwa kupanga safari ya kiangazi, hasa yule mhamiaji anayevua kwa nzi bandia: nyuzi na manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana mpaka yafanane na mdudu. Anayesakwa ni trauti. Kwa mtu wa Nyeri samaki huyo si mgeni, kwani mlowezi Ewart Grogan alimleta kutoka Scotland akampandikiza katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905. Mto ndio mgeni.

Wengi huutamani mto Madison. Chimbuko lake ni pale mito ya Firehole na Gibbon inapokutana ndani ya hifadhi ya Yellowstone. Swali la kwanza ni joto la maji. Firehole hupokea maji ya chemchemi za moto, yakiwemo ya Old Faithful, kwa hiyo Julai haufai. Madison ya chini, ukishapita ziwa Ennis, ina kina kifupi na hupata joto upesi. Inabaki ile ya juu, kutoka ziwa Quake hadi mji wa Ennis, karibu kilomita 80 za maji yanayokimbia juu ya mawe. Ziwa Quake lilizaliwa usiku wa 17 Agosti 1959, tetemeko lilipoporomosha mlima ukauziba mto. Watu 28 walifariki.

Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, wadudu wakubwa walioishi miaka kadhaa chini ya mawe hutambaa hadi ukingoni na kuota mabawa, nao trauti wakubwa hupanda juu kuwala. Siku zenyewe hazitabiriki. Afadhali likizo inayoweza kusogezwa.

Joto likizidi, idara ya wanyamapori ya Montana huingilia kati: maji yakifika nyuzi 23 za Selsiasi siku tatu mfululizo, uvuvi unaweza kufungwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Maji ya moto yana oksijeni kidogo, na trauti aliyechoka kwenye mshipi hufa hata akirudishwa mtoni. Ni amri ya haki, na mgeni anayeijali ataamka alfajiri.

Lakini kinachomgusa zaidi mwandishi wa barua hii ni sheria ya mwaka 1985. Katika Montana, yeyote aliyeingia mtoni kwa njia halali, kwa mfano kupitia darajani, ana ruhusa ya kutembea ndani ya mto hadi alama ya kawaida ya maji yakijaa, hata kama mashamba ya pande zote mbili yana wenyewe. Katika jimbo jirani la Wyoming, sakafu ya mto ni mali ya mwenye shamba; mashua ipite, ila miguu isikanyage. Mhamiaji asiye na hata robo eka husimama katikati ya Madison sawa na tajiri wa ng'ombe, na hilo ni jambo kubwa.

Jambo la mwisho la kupanga: leseni ya Montana haitumiki ndani ya Yellowstone. Hifadhi ina kibali chake, na ndoana humo sharti ziwe bila kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Viatu vyenye soli ya kitambaa cha felti vimekatazwa huko tangu 2018, maana hubeba viumbe vamizi kutoka mto hadi mto. Vya mpira navyo vioshwe na kukaushwa kabla ya safari.