Wazazi, Kamati na Shule za Msingi za Buguruni tangu Enzi za UPE

Uendeshaji wa shule za msingi za serikali nchini Tanzania umejengwa juu ya kamati ya shule, yaani chombo cha wazazi waliochaguliwa na wenzao pamoja na wawakilishi wa walimu, ambacho mwalimu mkuu ndiye katibu wake, na ambacho hupewa jukumu la kupanga matumizi, kusimamia majengo na kuisemea shule mbele ya serikali. Chombo hicho kilibuniwa kwa kufuata sura ya kijiji, mahali ambapo mzazi, mwenyekiti na mwalimu hukutana kisimani, msikitini na msibani kabla ya kukutana mkutanoni, na ndiyo maana Buguruni inastahili kukumbukwa kwa makini katika historia ya elimu ya Dar es Salaam, kwa kuwa hapa palikuwa kijiji, pakawa mji, na kamati ikabaki ileile.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni Buguruni ilikuwa bado makazi ya pembezoni, yenye minazi, miembe na vishamba vya mihogo kati ya reli ya kati na bonde la Msimbazi, na shule zilizowafikia watoto wa Kiafrika wa pembezoni kama hizo zilikuwa chache mno. Pengo hilo ndilo lililowafanya wazazi wajitokeze wenyewe, kwani mwaka 1955 kilianzishwa chama cha wazazi wa Kiafrika kilichojulikana kwa kifupi kama TAPA, ambacho, kikiwa bega kwa bega na TANU, kilifungua shule katika sehemu ambazo serikali ya kikoloni haikuzijali. Jambo hili lisisahauliwe, kwa sababu linaonyesha kuwa mzazi wa Tanganyika alianza kuwa mwenye shule kabla hajawa mchangiaji wa shule. Baada ya uhuru madaraka yalikwenda upande mwingine: Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzitwaa shule za mashirika ya dini, serikali za mitaa zikavunjwa mwaka 1972 chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kila mtoto aingie darasani, agizo ambalo utekelezaji wake mwaka 1977 ulijulikana kama UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima.

Mwandishi wa kumbukumbu hii aliingia darasa la kwanza Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo matunda ya UPE na uchovu wake vilikuwa vikionekana kwa pamoja. Watoto wote wa mtaa walikuwa shuleni, na hilo lilikuwa jambo kubwa ambalo vizazi vilivyotangulia havikulijua. Lakini walisoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, wengi wao wakikaa sakafuni, na daftari moja likigawanywa kati ya hesabu mbele na Kiswahili nyuma. Elimu ya Kujitegemea, falsafa iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 ili shule ifungamane na kazi, ilikuwa na maana kamili pale ambapo shule ilikuwa na shamba, ila Buguruni ya wakati huo haikuwa na shamba tena, hivyo ikabaki kuwa mchakamchaka wa alfajiri, fagio la chelewa na ndoo ya maji kutoka nyumbani. Mishahara ya walimu ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei, na wengi walijikimu kwa kuuza maandazi na ubuyu wakati wa mapumziko au kwa kufundisha tuisheni ya malipo jioni, mara nyingi kwa wanafunzi walewale waliowafundisha asubuhi.

Hata hivyo, ni katika dhiki hiyo kwamba kamati ya shule ilikuwa na uhai. Wazazi walitozwa ada ya UPE na michango mingine, na kwa kuwa walitoa, waliuliza. Mwenyekiti wa kamati alijulikana katika mitaa ya Malapa, Madenge na Kisiwani kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mtu aliweza kumsimamisha njiani na kumtaka aeleze bati zilizonunuliwa zimeishia wapi. Lakini michango hiyo ilikuwa na uovu wake ambao hauwezi kufunikwa: mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na fedha alirudishwa nyumbani, akakaa wiki, akarudi akiwa nyuma ya wenzake, na wengine hawakurudi kabisa. Anayezitamani enzi hizo kwa sababu ya mikutano yake iliyojaa watu anapaswa kuwahesabu pia watoto waliokuwa nje ya ua mikutano hiyo ikiendelea.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne hii, kwa kasi ambayo Buguruni haikuwa imeizoea. Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa imevunjwa mwaka 1996 na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Jiji, ilifuatwa mwaka 2000 na manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na shule za Buguruni zikawa chini ya Ilala. Mwaka 2001 ada ikafutwa, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, ambao kwa nchi nzima uliongeza wanafunzi wa shule za msingi kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. MMEM ulileta ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha inayokadiriwa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa, iliyopangwa kuwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikaribia shilingi 10,000, pamoja na ruzuku ya maendeleo kwa ajili ya madarasa, vyoo na nyumba za walimu. Kamati zilifungua akaunti za benki, zikafundishwa kuandaa mpango wa shule, na zikaagizwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo ili kila mzazi asome. Kwa karatasi, hakuna wakati ambapo kamati ya shule ilipewa nguvu kubwa kuliko huo, ijapokuwa fedha zilizofika mara nyingi zilikuwa pungufu ya zilizoahidiwa na zilichelewa njiani.

Tatizo lilikuwa kwamba nguvu hizo zilikabidhiwa kamati wakati kijiji kilichoizaa kilikuwa kimekwisha kutoweka. Buguruni ya miaka ya 2000 ilikuwa mji wa wapangaji, watu waliokodi chumba kimoja kwa kulipa miezi kadhaa mbele, na ambao kodi ilipopanda walihamia Vingunguti, Tabata au Gongo la Mboto, wakimhamisha mtoto shule au wakimwacha asafiri kwa daladala na kusukumwa na makonda waliokwepa nauli ya nusu. Mama lishe aliondoka kabla ya alfajiri kwenda kununua samaki Feri. Mchuuzi na mchukuzi waliingia Kariakoo mapema na kurudi usiku. Na mkutano wa wazazi uliitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, katika saa ambayo kuhudhuria kulimaanisha kulala njaa. Waliohudhuria walikuwa wachache, na kati yao wengi walikuwa bibi na mashangazi waliotumwa kusikiliza, si kuamua. Kwa hiyo akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili uamuzi uwe halali, ilipatikana kwa shida, na mwalimu mkuu, ambaye kisheria ni katibu, akajikuta akiwa kamati nzima. Kulaumu uvivu wa wazazi wa mjini ni kuonea watu. Lililokosekana ni ratiba inayolingana na maisha yao.

Katika jambo hili Shule ya Viziwi Buguruni, iliyoanzishwa mwaka 1974, miaka 11 baada ya shule ya kwanza ya aina hiyo nchini kufunguliwa Tabora, ina fundisho lake. Shule hiyo haikuwahi kuwa ya jirani, kwa kuwa mtoto kiziwi alifuata shule ilipo, hata iwe mbali na kwao, na inafaa iulizwe kwa nini shule za kawaida zilizoizunguka, ambazo nazo zilikuwa zimeacha kuwa za jirani, ziliendelea kuchukuliwa kana kwamba kila mzazi anaishi nyumba ya pili.

Mwishoni mwa mwaka 2015 ukatolewa Waraka wa Elimu Na. 5, uliotangaza elimumsingi bila malipo kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, na kuanzia Januari 2016 ruzuku ikaanza kutumwa moja kwa moja kutoka Hazina hadi kwenye akaunti ya shule kila mwezi, bila kupita halmashauri. Walimu wakuu wa shule za msingi wakapewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Uandikishaji ukafurika, michango ya lazima ikapigwa marufuku, na mtoto aliyekuwa akirudishwa nyumbani kwa deni la mchango wa mlinzi akabaki darasani. Hayo ni mema makubwa, na atakayeyabeza hajawahi kusimama nje ya ua wa shule. Lakini kiwango cha ruzuku kilibaki shilingi 10,000 zilezile za mwaka 2002, ingawa kufikia 2016 thamani yake ilikuwa imeshuka hadi chini ya dola 5, na kati yake shilingi 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu, hivyo shule ikabaki na shilingi 6,000, ambazo ni shilingi 500 kwa mwanafunzi kwa mwezi. Kwa shule ya wanafunzi 1,000 hiyo ni nusu milioni ya kulipia chaki, mitihani ya majaribio, matengenezo na michezo. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua kuwa mzazi bado ana wajibu wa sare, madaftari na chakula, na kwamba michango ya hiari inaweza kuruhusiwa kwa utaratibu maalumu, ila neno lililobaki masikioni mwa watu lilikuwa moja tu, bure, na asiyechangia aliona hana haki ya kuuliza.

Shule iliyoacha kuulizwa na wazazi ilianza kuulizwa na mtihani. Mwaka 2012, mwaka ambao karatasi za darasa la saba zilianza kusahihishwa kwa mashine, ufaulu wa kitaifa ulikuwa takriban asilimia 31. Mwaka uliofuata mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukazipanga shule kwa rangi za kijani, njano na nyekundu. Na kufikia 2018 ufaulu ulikuwa umevuka asilimia 77. Dar es Salaam imekuwa mara nyingi miongoni mwa mikoa inayoongoza, na Buguruni imenufaika na sifa hiyo. Lakini tafiti za Uwezo, zilizowapima watoto majumbani mwao, zilikuwa zimeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuwa ni takriban watoto 3 kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Cheo cha shule hakimwambii mama wa Madenge kama mwanawe anasoma. Uamuzi wa Baraza la Mitihani wa Januari 2023 wa kuacha kutangaza shule bora ulikuwa sahihi, ingawa ulikuja baada ya shule nyingi kuzoea kuligeuza darasa la saba kuwa kambi ya majaribio na kuyaachia madarasa ya chini walimu waliobaki.

Leo mwalimu mkuu wa Buguruni anapokea sera na mitaala kutoka Wizara ya Elimu, maagizo kutoka TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kupitia halmashauri ambayo tangu Februari 2021 ndiyo Jiji la Dar es Salaam, nidhamu ya walimu wake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na wathibiti ubora, ambao zamani waliitwa wakaguzi, wanakuja kwa niaba ya wizara. Wote hao wana mamlaka ya kumwandikia barua. Mzazi peke yake ndiye asiyeandika, ilhali kamati yake bado ipo kisheria na ubao wa matangazo bado unatakiwa kujazwa.

Mikutano ya wazazi Buguruni iitishwe Jumapili alasiri, tarehe itangazwe kwa mwenyekiti wa mtaa, misikitini na makanisani wiki mbili kabla, na taarifa ya fedha isomwe kwa sauti mbele ya wote. Na mzazi anayesoma haya, hata kama ni mpangaji wa mwezi wa kwanza, aende aulize ruzuku ya mwezi uliopita imefanya nini.