Wali Uliotupita Mezani



Wengi wenu mliotuuliza habari za safari yetu ya Japani hamkuuliza majengo wala treni. Mliuliza tulikula nini. Tulikwenda Osaka, baba, mama na binti mdogo, kumzuru binti yetu mkubwa anayesoma huko, na siku ya tatu akatupeleka katika mkahawa ambao mlaji huketi na chakula ndicho kinachotembea.

Mkanda mwembamba hutoka jikoni, hupita ubavuni mwa kila meza, kisha hurudi ulikotoka. Juu yake vimepangwa visahani, na katika kila kimoja mna matonge mawili madogo ya wali wa siki yaliyofunikwa kipande cha samaki: jodari, ngisi, kamba, pweza. Hiyo ndiyo sushi. Unachokipenda unakitwaa, usichokitaka kinapita. Rangi ya kisahani ndiyo bei yake, na mwishoni huhesabiwa visahani vilivyorundikana mbele yako. Mezani pana kibomba cha maji, na aliyezoea kunawa kabla ya kula aonywe mapema: maji hayo ni ya chai ya kijani, nayo yanaunguza.

Mwanzilishi wa mtindo huu ni Yoshiaki Shiraishi, aliyekuwa na mkahawa wa sushi na uhaba wa wahudumu. Aliona chupa zikipita juu ya mkanda katika kiwanda cha bia, akawaza kwa nini visahani visipite vivyo hivyo, na mwaka 1958 akafungua mkahawa wa namna hiyo Higashiosaka. Maonyesho ya dunia ya Osaka ya mwaka 1970 yakautangaza.

Kwetu Msambweni, mgeni aliyeketishwa kwenye sinia hana haja ya kuuliza. Anamjua mwenye nyumba, na pengine anaijua hata ndoo iliyotekea maji. Mkandani hakuna mwenye nyumba. Chakula huja kwa mwendo wa sentimita 8 hivi kwa sekunde, na binti yetu mdogo, kwa njaa aliyokuwa nayo, alikwisha kunyoosha mkono. Dada yake akaushika. "Ngoja kwanza, tuulize."

Samaki mwenyewe hakututia shaka, kwa kuwa wa baharini ni halali, awe mbichi au wa kukaanga. Mwani mweusi unaoviringishiwa wali ni jamaa wa mbali wa mwani wanaoulima akina mama wa Kibuyuni. Shaka ilikuwa katika kile tulichokizoea zaidi, yaani wali. Wapishi wengi wa Japani hutia mirini, mvinyo mtamu wa mchele, katika vyakula vyao. Mayai ya kukaanga hutiwa mara nyingi, na baadhi ya sosi za soya huongezwa kileo ili zisiharibike.

Binti mkubwa akatoa kadi aliyoiandika kwa Kijapani: hatuli nguruwe, hatutumii kileo hata cha kupikia. Mhudumu, msichana wa rika lake, aliipokea kwa mikono miwili, akaingia jikoni, akarudi na chupa na pakiti. Wakasoma pamoja, herufi kwa herufi. Jodari mtupu? Mhudumu akafanya duara kwa mikono. Soya ya mezani? Akaipishanisha mikono kifuani. Ndiyo hapana ya kwao. Wali? Akasita, akasoma tena kiungo kilichochanganywa humo, kisha akaipishanisha.

Mdogo macho yakamlenga machozi. "Lakini Mama, ni kidogo tu!"

Baba yake akamjibu taratibu, "Mwanangu, dada huyu angeweza kutufanyia duara akaendelea na kazi zake. Ametusomea kwa uaminifu. Sasa tujifanye hatukumsikia?"

Basi sisi, watu wa wali, tulikula samaki mbichi bila wali, kwa soya yenye alama ya halali iliyokuwa mkobani mwa binti mkubwa. Jodari alikuwa baridi na laini, bila shombo kabisa. Pweza hatukumwonea ajabu.

Akina mama, msiharakishe kujaribu nyumbani. Wizara ya afya ya huko huelekeza kwamba ili kuua minyoo, samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Jodari aliyekaa joto bila barafu, naye, hujenga sumu isiyoondoka hata kwa kukaangwa, ikaleta wekundu wa ngozi, kuumwa kichwa na kutapika. Mtazameni kwanza anavyofika sokoni kwetu. Na mjamzito asimle mbichi, hata akiwa Osaka.

Tuliporejea, bibi yao alisikiliza habari zote hizi kwa utulivu, mkanda, visahani na kadi, kisha akauliza swali moja tu: wali wenyewe ulikuwa wa nazi?

Tukamwambia hatukuuonja.