Mzee Aliniambia Habari za Mto

Mimi ni mwalimu hapa Uvira, na mojawapo ya masomo ninayofundisha ni jiografia. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba naijua vema nchi yangu, kwa kuwa naweza kuichora ubaoni bila kutazama kitabu. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyotambua kwamba sikuijua.

Mji wetu umekaa juu ya ukanda mwembamba wa ardhi: mashariki ziwa Tanganyika, magharibi milima. Maji ya ziwa yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Itombwe vinapita mita 3,000. Kaskazini liko bonde la Ruzizi, mto utokao ziwa Kivu na kuingia katika ziwa letu. Bondeni watu hulima mpunga, mihogo na miwa. Katika milima ya kati, maharage na ndizi. Huko juu kwenye baridi hufuga ng'ombe. Ndiyo sababu siku ya soko ndagala hupanda mlimani, na maharage na maziwa hushuka.

Wenyeji nao ni wa namna nyingi. Wavira hukaa karibu na ziwa. Wafuliiru hukaa bondeni na milimani. Bondeni wako pia Warundi, na huko juu Wanyamulenge, ambao lugha yao ni ndugu ya Kirundi na Kinyarwanda. Kusini, kuelekea Baraka na Fizi, ndiko kwa Wabembe. Kivira na Kifuliiru hukaribiana sana, hata wenyewe husikilizana bila mkalimani. Lakini Kibembe ni jirani ya Kilega. Kiswahili hutuunganisha sote sokoni, na Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya shule.

Baba yangu ni Mfuliiru wa Lemera, na mama yangu ni Mbembe. Nyumbani tulisema Kiswahili, ili pasiwe na mshindi. Kisha nikaenda seminari, nikajifunza Kifaransa na Kilatini. Niliweza kunyambua vitenzi vya Kilatini vyote, lakini sikuweza kumwomba mama mzaa baba maji ya kunywa kwa lugha yake. Jambo hilo halikunihuzunisha. Nasema kweli, nililionea fahari.

Mwaka 2019 nilijenga nyumba ndogo karibu na mto Mulongwe. Siku moja alikuja mzee jirani, Mvira, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki tu. Akachora kwa fimbo yake mstari mrefu mchangani, ukipita katikati ya kiwanja changu, akanieleza mambo mengi kwa Kivira. Alipoona simwelewi, akajaribu Kiswahili: "Njia ya mto." Nikadhani anaogopa nisije nikaziba njia wanayopita akina mama kwenda kuteka maji. Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, Mzee, njia ya mto sitaifunga." Akanitazama kitambo, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani. Mulongwe ukavunja kingo zake, ukashuka na mawe na miti. Watu makumi walikufa katika mji wetu, na maelfu kwa maelfu wakakosa makao. Mke wangu alitoka na mtoto mgongoni, maji yakimfika kiunoni, nami nyuma yake nikishika mkono wa mkubwa. Kulipopambazuka nilirudi kutazama. Maji yalikuwa yamepita palepale ulipokuwa mstari wa mzee. Hakuwa amesema habari za njia ya kwenda mtoni. Alikuwa akinionyesha njia ya mto wenyewe, mkondo wake wa kale. Kama ningaliijua lugha ya baba yangu tu, ningalimwelewa.

Baadaye, nilipokuwa nikiandaa somo juu ya wasafiri wa zamani, nilikuta kisa kilichonichoma moyo. Katika Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta chanzo cha mto Nili. Speke alikuwa ameleta habari, aliyodhani ameipata kwa mfanyabiashara Mwarabu, kwamba Ruzizi hutoka katika ziwa kwenda kaskazini. Lakini Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Maneno yalimfikia kwa kinywa cha Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kupelekwa Uhindi utumwani. Nao wawili walisemezana kwa Kihindustani, lugha ya Uhindi ya kaskazini, ambayo haikuwa ya mmoja wala ya mwingine. Hapa Uvira wana wa mtawala wa mahali walimwambia Burton kwamba mto huingia ziwani. Hapo Bombay naye akasema bwana wake alikuwa amemwelewa vibaya yule Mwarabu. Wakarudi bila kuufikia mlango wa mto. Ubishi haukwisha mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipoona kwa macho yao maji yakiingia. Miaka 13 ya kubishana juu ya jambo alilolijua kila mvuvi wa hapa!

Niliposoma hayo sikuwacheka.

Katika darasa langu wamo watoto wa lugha hizi zote. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wamekimbia, wa milimani na wa bondeni, na mara nyingi mtu hushukiwa kwa jinsi anavyotamka neno tu. Watoto huyasikia hayo nyumbani, huyaleta shuleni. Zamani mtoto akichekwa kwa lugha yake nilimwambia anyamaze, nikidhani namsaidia. Sasa nawanyamazisha wanaocheka, naye namwomba atuambie jina la kijito cha kwao na maana yake. Majina hayo huyaandika wote katika daftari.

Wazazi wapenzi, Kiswahili na Kifaransa watoto watavipata, msiogope. Lakini lugha ya babu zao hawataipata sokoni wala kitabuni, wasipoipata kwenu.

Mimi huenda kwa yule mzee kila Jumamosi. Hunisahihisha kwa ukali, na mke wake hucheka matamshi yangu. Binti yangu mkubwa hunipita kwa mbali. Wiki jana mzee alitupeleka mpaka mahali pengine juu ya mji, akachora mstari mwingine kwa fimbo. Safari hii niliuliza maswali, naye akanijibu yote.